Alama za Fedha kwenye Kompyuta na Simu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Katika duka letu la steshenari hapa Mwanga, mjini Kigoma, ni nadra kuchapa hati isiyo na kiasi cha fedha ndani yake. Leo ni orodha ya bei ya dagaa wa Kibirizi, kesho ni mkataba wa pango la fremu, keshokutwa ni profoma, yaani ankara ya awali, ya mfanyabiashara anayevusha mabati na saruji kwenda Kalemie, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika. Fedha zenyewe si za aina moja: shilingi, faranga ya Burundi, faranga ya Kongo, dola, na mara mojamoja kwacha ya Zambia, zote hupita juu ya meza ileile. Maswali yafuatayo ni yale ambayo wateja wamekuwa wakiyarudia kaunta, na majibu yake yanahusu kompyuta za Windows, Mac na Linux, simujanja na simu za kitochi.

Kitufe cha alama ya shilingi ya Tanzania kiko wapi?

Hakipo, na hakijawahi kuwapo. Dola ina $, pauni ina £, yuro ina €, lakini katika Unicode, yaani utaratibu unaoipa kila herufi na kila alama namba yake ili kompyuta zote duniani zielewane, hakuna alama moja iliyotengwa kwa ajili ya shilingi. Shilingi huandikwa kwa herufi za kawaida, “Sh”, “TSh” au “TZS”, ama kwa mkwaju na alama ya sawasawa, “/=”. Kwa hiyo kibodi uliyonayo inatosha, hata iwe imetengenezwa wapi, na asikudanganye mtu kwamba kuna programu ya kununua.

Ni vema kuongeza herufi T, kwa sababu “Sh” peke yake ni ya Wakenya na Waganda pia. Kwa barua ya mtaani jambo hilo halina madhara, lakini kwa ankara inayotumwa nje ya nchi lina madhara.

Alama “/=” ilitoka wapi, na je, bado ni sahihi kuitumia?

Ilitoka kwenye hesabu za Waingereza za zamani, ambapo pauni moja ilikuwa shilingi 20 na shilingi moja ilikuwa peni 12. Mkwaju ulitenganisha shilingi na peni, hivyo 5/6 ilisomwa shilingi tano na peni sita, na pasipokuwa na peni paliwekwa kistari, 5/-. Shilingi ya Afrika Mashariki ilipoanza mwaka 1921 iligawanywa katika senti 100 badala ya peni, lakini mkwaju ukabaki: 5/50 ikawa shilingi tano na senti hamsini, na pasipo senti makarani wakafunga kwa “/=” au “/-”. Shilingi ya Tanzania ilipoanza kutumika mwaka 1966 iliurithi mtindo huo kama ulivyo. Leo senti hazionekani tena mikononi mwa watu, ila alama ya kuonyesha kwamba hakuna senti ingali inaandikwa kila siku.

Ni sahihi, na kwenye stakabadhi ya mkono ina kazi ambayo herufi haziifanyi, nayo ni kufunga namba. Aliyeandikiwa 45,000/= hawezi kuongeza sifuri nyuma bila kuonekana. Kinachonikera ni kuandika “TSh 45,000/=”, kwa sababu hapo umetaja shilingi mara mbili kwa kiasi kimoja; hata hivyo nakiri kwamba nusu ya mji unaandika hivyo, na hakuna aliyewahi kunyimwa mzigo kwa sababu hiyo. Alama hiyo itumike kwenye barua na stakabadhi za humu nchini. Kwenye jedwali la Excel, na kwenye hati ya kuvuka ziwa, iachwe, kwa sababu zitakazoelezwa.

Nimeandika bei zote vizuri kwenye Excel, lakini jumla inatoka sifuri. Kompyuta imeharibika?

Kompyuta ni nzima. Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na karibu kila mara chanzo ni hiyo “/=”. Mama mmoja anayeuza migebuka aliniletea faili yenye mistari arobaini na mitatu ya mauzo, kila mstari ukiwa na kiasi kama 38,000/= au 112,500/=, na chini kabisa, penye fomula ya jumla, palikuwa na 0. Alikuwa tayari amekwisha kupiga hesabu yote upya kwa kikokotoo cha simu, mara mbili, na majibu mawili hayakulingana.

Excel ikikutana na mkwaju na sawasawa nyuma ya tarakimu huihesabu seli nzima kuwa maandishi, na maandishi hayajumlishwi. Dalili yake huonekana kwa macho: namba halisi hujipanga upande wa kulia wa seli, maandishi hujipanga kushoto. Ukiona safu ya bei imeegemea kushoto bila wewe kuipanga hivyo, ujue hapo hakuna namba hata moja.

Tiba yake ni ya dakika moja. Chagua safu yote, bonyeza Ctrl+H, kwenye kisanduku cha juu andika /= na cha chini ukiache kitupu, kisha amuru kubadilisha zote. Tarakimu zitahamia kulia na jumla itajaa yenyewe. Kama bado zimeganda kushoto, huenda seli zilikwisha kuwekwa kwenye mpangilio wa maandishi, basi ubadilishe kwanza mpangilio huo kuwa wa namba, halafu uingize kiasi upya. Baada ya hapo, ikiwa unapenda “/=” ionekane, chagua safu, bonyeza Ctrl+1, nenda kwenye mpangilio wa kujitungia, na uandike #,##0"/=" pamoja na alama zake za kunukuu. Utaandika 38000 tu, seli itaonyesha 38,000/=, na fomula itaendelea kuiona kama namba. Anayependa herufi aandike "TSh "#,##0 mahali hapohapo. Yule mama alichagua mpangilio wa kwanza, na jumla yake haikulingana na jibu lolote kati ya yale mawili ya kikokotoo.

Tahadhari nyingine inawahusu wanaoandika senti kwa mtindo wa zamani. Ukiandika 5/50 kwenye seli, Excel haitaona shilingi tano na nusu, itaona tarehe, na itakuonyesha Mei ya mwaka 1950.

Kwa nini Excel inaweka alama ya dola kila ninapobonyeza kitufe cha fedha?

Kwa sababu Windows ya kompyuta hiyo imeambiwa kwamba iko Marekani. Kompyuta nyingi zinazouzwa huku huja hivyo, na hakuna anayehangaika kubadilisha. Ingia kwenye mipangilio ya nchi na lugha ya Windows, uchague Kiswahili cha Tanzania au uibadilishe alama ya fedha peke yake uandike TSh, kisha uifungue Excel upya.

Kuna mtego hapa. Ikiwa seli zimewekewa mpangilio wa fedha unaofuata mipangilio ya kompyuta, faili hiyohiyo ikifunguliwa kwenye kompyuta nyingine alama inaweza kubadilika huku kiasi kikibaki kilekile. Kreti iliyokuwa ya shilingi 20,000 kwako itasomeka dola 20,000 kwa mwenzako. Kwa faili inayotumwa kwa mtu mwingine, andika msimbo wa fedha waziwazi kwenye kichwa cha safu, kwa mfano “Bei kwa TZS”, na seli ziache na tarakimu tupu.

Nitaandikaje $, £, € na ¥ kwenye Windows?

Alama ya dola haina shida, kwani kwenye kibodi za Kimarekani na za Kiingereza iko juu ya 4, unaipata kwa Shift. Kwa nyingine kuna njia kadhaa, na ipi ni nyepesi inategemea kibodi yako.

Njia inayofaa kwa watu wengi kwenye Windows 10 na 11 ni kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na nukta. Kitafunguka kidirisha cha vikatuni, na ndani yake kuna sehemu ya alama ambamo alama za fedha zimepangwa pamoja, unabofya unayotaka. Haihitaji kukariri chochote.

Anayechapa siku nzima atapenda njia ya Alt. Shikilia kitufe cha Alt, uandike namba kwa kutumia kundi la vitufe vya namba lililo mkono wa kulia, kisha uachie. 0128 hutoa €, 0163 hutoa £, 0165 hutoa ¥, na 0162 hutoa ¢. Sifuri ya mbele isiachwe, kwa sababu bila hiyo namba husomwa kwa jedwali jingine la zamani na utapata herufi usiyoitarajia. Namba za mstari wa juu, juu ya herufi, hazifanyi kazi hii, na Num Lock lazima iwe imewashwa. Kompyuta mpakato ndogo nyingi hazina kundi hilo la namba kabisa, na hapo ndipo watu hudhani njia yenyewe ni uongo.

Ndani ya Word kuna njia ya tatu ambayo mimi huipenda kuliko zote: andika namba ya Unicode ya alama, kisha bonyeza Alt+X papo hapo. Andika 20AC halafu Alt+X, na namba itageuka kuwa €. Kwa 20A6 utapata ₦ ya naira, kwa 20B5 utapata ₵ ya sedi ya Ghana, kwa 20B9 utapata ₹ ya rupia ya India. Ukibonyeza Alt+X tena, alama inarudi kuwa namba, jambo linalosaidia unapotaka kujua alama uliyotumiwa na mtu mwingine ni ipi hasa.

Juu ya kitufe cha 3 pamechorwa £, lakini nikibonyeza inatoka #. Kwa nini?

Kibodi ni ya Uingereza na Windows imepangwa kwa kibodi ya Marekani. Hali hii ni ya kawaida sana kwa kompyuta za mitumba. Michoro juu ya vitufe haina amri yoyote. Kinachoamua ni mpangilio uliochaguliwa ndani. Njia ya haraka ya kuthibitisha ni kubonyeza Shift na 2: ikitoka @ mpangilio ni wa Marekani, ikitoka alama ya kunukuu mpangilio ni wa Uingereza. Ongeza mpangilio wa Uingereza kwenye mipangilio ya lugha, na baada ya hapo utakuwa ukihama kutoka mmoja hadi mwingine kwa kitufe cha Windows pamoja na kile kirefu cha nafasi. Kwa mpangilio wa Uingereza utapata pia € kwa kubonyeza AltGr, yaani Alt ya kulia, pamoja na 4.

Kompyuta yangu ilinunuliwa Bujumbura na vitufe vimepangwa tofauti. Nifanyeje?

Hiyo ni kibodi ya Kifaransa, inayotambulika kwa herufi za mwanzo A, Z, E, R, T, Y badala ya Q, W, E, R, T, Y. Watu huiogopa bure, maana kwa alama za fedha ni nzuri kuliko zetu. Dola ina kitufe chake karibu na Enter, hubonyezwa bila Shift. Kitufe hichohicho pamoja na Shift hutoa £. Na € hupatikana kwa AltGr na E. Kinachowasumbua Watanzania ni tarakimu, kwa sababu kwenye mstari wa juu kila tarakimu hudai Shift, na mkwaju wa “/=” umehamia kwenye kitufe cha nukta mbili, nao hudai Shift vilevile.

Ukiipanga iwe ya Kimarekani bila kubadilisha vitufe vyenyewe, itabidi uchape bila kutazama chini. Wako wanaoweza. Kwa asiyeweza, ni afadhali kujifunza mpangilio uliochorwa.

Kwenye Mac na Linux je?

Kwenye Mac yenye mpangilio wa Marekani, Option na 3 hutoa £, Option na Y hutoa ¥, Option na 4 hutoa ¢, na Option na Shift na 2 hutoa €. Kwa mpangilio wa Uingereza € ni Option na 2. Kwenye programu nyingi za Linux, bonyeza Ctrl, Shift na U kwa pamoja, andika 20ac, kisha bonyeza Enter.

Kwenye simujanja alama hizi ziko wapi?

Kwenye simu za Android zenye kibodi ya Google, gusa ?123 upate tarakimu, na hapo utaiona $. Usiiguse na kuachia. Ishikilie kwa kidole, na juu yake vitajitokeza vijialama vingine vya fedha, kisha sogeza kidole bila kukiinua hadi kwenye unayotaka. Ukurasa wa pili wa alama, unaofunguka kwa kugusa =\<, nao una £, ¢, € na ¥ zikiwa wazi. Kwenye iPhone ni mtindo uleule: gusa 123, ushikilie $, uchague. Simu zenye kibodi ya kampuni nyingine hupishana kidogo katika mpangilio, lakini kanuni ya kushikilia alama ya dola inafanya kazi karibu kote.

Kwa anayetuma bei mara nyingi, nashauri atumie kamusi binafsi iliyo ndani ya mipangilio ya kibodi, ambamo unaifundisha simu kwamba ukiandika kifupi fulani ikuwekee maneno kamili. Mchuuzi mmoja wa mawese ameifundisha simu yake kwamba “fb” ni “FBu” na “fk” ni “FC”, na tangu hapo herufi kubwa na ndogo zimeacha kumchanganya.

Nikituma alama ya fedha kwa SMS kutoka simu ya kitochi, itafika salama?

Inategemea alama. Kwenye simu nyingi za kitochi ukibonyeza kitufe cha nyota wakati wa kuandika ujumbe utafunguliwa orodha ya alama, na humo hukosi $ na £. Hizo mbili pamoja na ¥ zimo kwenye alfabeti ya msingi ya SMS, ile inayoruhusu herufi 160 kwa ujumbe mmoja, na kila moja huhesabiwa kama herufi moja. Alama ya € imo kwenye nyongeza ya alfabeti hiyo, kwa hiyo huhesabiwa kama herufi mbili.

Gharama huanza kwa alama zilizo nje ya alfabeti hiyo, kama ₹, ₦ na hata ¢. Ukiweka moja tu, ujumbe wote hubadilishiwa mfumo na kikomo hushuka kutoka herufi 160 hadi 70. Ujumbe wa herufi 150 uliokuwa mmoja unakuwa vipande vitatu, kwa kuwa kila kipande cha ujumbe uliogawanywa hubeba herufi 67. Anayetuma bei ya mahindi kwa wateja mia mbili ataliona jambo hili kwenye salio lake kabla hajaliona kwenye skrini. Herufi “TZS”, “FBu” na “USD” hazina tatizo hilo kwenye simu yoyote.

Faranga ya Burundi na ya Kongo zina alama zake?

Hazina alama za pekee, kama ilivyo kwa shilingi yetu. Ya Burundi huandikwa FBu na ya Kongo huandikwa FC. Ndani ya Unicode kuna alama ₣, lakini haikupata matumizi hata kwa faranga ya Ufaransa iliyokusudiwa, na ukiiweka kwenye ankara ya Uvira hakuna atakayeielewa.

Njia salama kuliko zote ni misimbo ya herufi tatu inayotumiwa na benki duniani kote, ambayo katika nyingi herufi mbili za mwanzo ni za nchi na ya tatu ni ya jina la fedha: TZS, KES, RWF, BIF, CDF, ZMW, USD. Hizi huandikwa kwa kibodi yoyote, hazigeuki vijisanduku, hazizidishi gharama ya SMS, na karani wa Kalemie huzisoma sawa na karani wa Kigoma ingawa mmoja anafanya kazi kwa Kifaransa na mwingine kwa Kiswahili na Kiingereza.

Nimejifunza hili kwa aibu. Niliwahi kuchapa profoma ya mabati yenye herufi F tupu mbele ya kila kiasi, kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa kwa kalamu kwenye karatasi niliyopewa. Mwenye mzigo alikuwa amehesabu kwa faranga ya Burundi. Mnunuzi wa upande wa Kongo akaisoma kuwa yake. Mabati yalilala bandarini siku mbili huku wakipigiana simu, na niliichapa upya ile profoma bila malipo. Kuanzia siku hiyo, mteja akiniletea F naiuliza kwanza.

Kwacha nayo ina mtego wake. Anayeandikiana na Mpulungu akiandika K50 anamaanisha kwacha hamsini, ilhali kijana wa hapa akiandika 50K anamaanisha elfu hamsini. Andika ZMW 50, na elfu uiandike kwa sifuri zake zote.

Alama ¥ ni ya Wachina au ya Wajapani?

Ni ya wote wawili. Yeni ya Japani na yuan ya China hutumia ¥ ileile, na thamani zao zinapishana kwa zaidi ya mara kumi. Kwa bidhaa za kuagiza, andika CNY au JPY.

Niliandika alama sahihi, lakini aliyepokea ameona kijisanduku au maandishi kama â‚¬ na Â£. Tatizo ni nini?

Haya ni matatizo mawili yanayofanana kwa sura. Kijisanduku kina maana kwamba kifaa cha mpokeaji kimeipokea alama vizuri lakini fonti zake hazina mchoro wake. Hutokea kwa simu za zamani na kwa alama zilizoingizwa Unicode baadaye, kama ₹ iliyoingizwa mwaka 2010 au ₿ ya bitcoin iliyoingizwa mwaka 2017. Kwa hati, dawa ni kutuma PDF yenye fonti ndani yake.

Maandishi kama â‚¬ ni jambo lingine. Hapo faili ilihifadhiwa kwa UTF-8, yaani mfumo wa kuhifadhi herufi za Unicode, na ikafunguliwa na programu iliyodhani ni mfumo wa zamani wa Windows, hivyo alama moja ikasomwa kama herufi kadhaa. Hutokea zaidi kwa faili za CSV, yaani majedwali yaliyohifadhiwa kama maandishi matupu, zinazotoka kwenye mfumo wa mauzo na kufunguliwa moja kwa moja kwa Excel. Usianze kuzifuta moja moja. Fungua Excel tupu, ingiza faili kupitia sehemu ya data, na ukiulizwa uchague UTF-8. Na unapohifadhi wewe, uchague CSV ya aina ya UTF-8.

Nifanye nini nikitaka kuandika rupia?

Kwa rupia ya India tumia ₹, iliyochaguliwa na serikali ya India mwaka 2010. Ile ₨ ni ya zamani zaidi na hutumika kwa rupia za nchi nyingine. Wateja wanaolipia matibabu India ndio huuliza.

Wazee wa Ujiji hucheka nikitaja rupia, kwa kuwa ilikuwa fedha ya hapa kabla ya shilingi. Wajerumani waliigawa rupia yao katika heller 100 kuanzia mwaka 1904, na neno “hela” tunalolitumia hadi leo limetoka hapo. Wakati wa vita, mwaka 1916, sarafu ziligongwa jirani zetu Tabora, kwenye karakana ya reli, ikiwamo ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Hela nayo haikuacha alama yoyote ya kuchapwa. Imeacha neno tu.

Nyumba yangu ya wageni hupokea watalii wa Gombe. Naweza kuandika bei kwa $?

Kuichapa alama ni rahisi, ila swali hili si la kibodi. Kanuni zilizotangazwa mwezi Machi 2025 zinakataza kutaja au kutangaza kwa fedha za kigeni bei ya bidhaa na huduma zinazotolewa nchini, isipokuwa katika mambo machache yaliyotajwa humo. Orodha ya bei ukutani iandikwe kwa shilingi. Tangu wakati huo tumechapa upya orodha nyingi, na ushauri wetu umekuwa mmoja: usifute $ na kuweka TSh mahali pake bila kuibadilisha tarakimu.

Msimbo uwekwe mbele au nyuma, na mkato utumike au nukta?

TZS, TSh na $ hukaa mbele; “/=” hukaa nyuma; FBu na FC kwa desturi ya Kifaransa hukaa nyuma. Kati ya msimbo na tarakimu weka nafasi moja, na kwenye Word uiweke kwa Ctrl, Shift na kitufe kirefu kwa pamoja, ili msimbo usibaki mwisho wa mstari huku kiasi kikishukia mstari wa chini.

Mkato na nukta vinahitaji uangalifu zaidi kwa watu wa mpakani. Sisi huandika 1,500.00 kwa elfu moja mia tano. Wanaofuata desturi ya Kifaransa huweza kuandika 1.500,00 au kuacha nafasi badala ya alama, 1 500,00. Hivyo 1.500 kutoka ng’ambo ya ziwa kwa kawaida ni elfu moja mia tano, wala si moja na nusu. Kwa hati za pande mbili napendelea kuacha nafasi badala ya alama, na chini yake kiasi kiandikwe kwa maneno.

Nikijaza kiasi kwenye fomu ya mtandaoni au kwenye menyu ya kutuma pesa kwa simu, niweke alama?

Usiweke alama, mkato wala nafasi. Sehemu hizo hutaka tarakimu tupu, 45000, na aina ya fedha huwa imekwisha kuchaguliwa mahali pengine kwenye ukurasa huohuo. Itazame kabla ya kubonyeza kitufe cha mwisho.